Hesabu inanipa majibu mawili, grafu inanipa moja. Nimekosea wapi?

CherehaniTanga — Jumapili, saa 4:15 usiku

Habari za usiku jamani. Naomba mnisomee mpaka mwisho. Nimeandika kwa urefu makusudi, ili mwenye nia ya kunisaidia asianze kuniuliza maswali kumi.

Mimi ni fundi cherehani, niko Tanga, umri wangu miaka 36. Kidato cha nne nilimaliza zamani na Hisabati nilifeli. Mwaka huu nimejiandikisha tena kama mtahiniwa wa kujitegemea, na somo ninalolitaka kuliko yote ni hilohilo. Mchana nashona, usiku watoto wakishalala nafungua daftari juu ya meza ileile ya kukatia nguo. Mwalimu sina. Nina kitabu cha kuazima ambacho kurasa za nyuma, zile za majibu, zimechanika zote, na nina simu.

Sasa nimefika kwenye milinganyo ya kipeo cha pili na swali moja limenikalisha siku nne. Ni hili:

y = x² − 2x − 3

Kipengele (a) kinataka thamani za x pale y inapokuwa sifuri. Nikatafuta namba mbili ambazo ukizizidisha unapata −3 na ukizijumlisha unapata −2. Nikapata −3 na 1. Basi (x − 3)(x + 1) = 0, yaani x = 3 au x = −1. Nilifurahi, maana zamani darasani hata hapo sikuwa nafika.

Kipengele (b) kinataka grafu kuanzia x = −2 mpaka x = 4. Nikatengeneza jedwali kwa kikokotoo cha simu:

x: −2, −1, 0, 1, 2, 3, 4
y: −3, −2, −3, −4, −3, 0, 5

Nikaweka nukta zote, nikaunganisha. Kilichotoka ni mstari unaotokea chini kushoto, unapanda kidogo kama kichuguu, unashuka mpaka (1, −4), halafu unapanda moja kwa moja. Mhimili wa x unakatwa mara moja tu, pale kwenye 3. Kwenye −1 mstari upo chini kabisa, wala haugusi.

Nikaona labda kipengele (a) ndicho nilichokosea. Nikaingiza 3 kwenye mlinganyo: 9 − 6 − 3 = 0, sawa. Nikaingiza −1 kwenye simu, ikanipa −2. Hapo usingizi ukaniruka. Vigawo vinasema −1 ni jibu, simu inasema si jibu. Nimefuta na kuchora upya mara tatu, karatasi ya grafu imetoboka.

Naomba mnionyeshe kosa liko wapi, na zaidi ya hapo, nijueje siku nyingine kwamba grafu yangu imeharibika kabla sijamaliza kuichora.

---

KijanaWaDom — Jumapili, saa 4:40 usiku

Shikamoo mama. Mimi nipo kidato cha tatu. Sisi tunatumia fomula ya jumla, haikosei hata vigawo vikigoma:

x = (−b ± √(b² − 4ac)) ÷ 2a

Kwako a = 1, b = −2, c = −3. Ndani ya kipeuo: 4 + 12 = 16. Kipeuo cha pili cha 16 ni 4. Basi x = (2 + 4) ÷ 2 = 3, au x = (2 − 4) ÷ 2 = −1. Kwa hiyo vigawo vyako viko sawa, tatizo ni grafu. Angalia pia hiyo sehemu ya ndani, b² − 4ac. Ikiwa chanya unapata majibu mawili, ikiwa sifuri unapata moja, ikiwa hasi hakuna jibu kwenye namba tunazotumia. Ya kwako ni 16, kwa hiyo grafu lazima ikate mhimili mara mbili.

---

MwalimuMstaafu_Iringa — Jumatatu, saa 12:05 asubuhi

Binti yangu, nimeamka nikakuta swali lako na chai yangu imepoa nikilisoma. Nimefundisha Hisabati miaka 31. Kijana wa Dodoma amekujibu sawasawa, ila hajakuonyesha kosa, na kosa lenyewe ndilo unalolihitaji.

Liko kwenye safu mbili tu za jedwali: x = −2 na x = −1. Zilizobaki zote ni sahihi. Ziangalie hizo mbili zina nini ambacho nyingine hazina: x yake ni hasi.

Bila shaka kwenye simu umebonyeza alama ya kutoa, ukabonyeza 2, ukabonyeza kipeo cha pili. Simu ikasoma hivi: chukua 2, izidishe kwa yenyewe, upate 4, halafu weka alama ya kutoa mbele yake. Ikakupa −4. Lakini wewe hukutaka hivyo. x yako ni −2, na x² ni x mara x, yaani (−2) × (−2), ambayo ni 4 chanya. Simu haikukosea. Imefuata utaratibu wake: kipeo kwanza, alama ya kutoa baadaye. Dawa yake ni mabano. Andika (−2)² na simu itakupa 4.

Ulifundishwa MAGAZIJUTO shule ya msingi: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Neno hilo limewasaidia watoto wengi sana na mimi nalipenda, lakini halina herufi ya vipeo. Mwanafunzi analibeba mpaka sekondari akiamini limekamilika, na vipeo vinapokuja vinakosa pa kukaa. Kaa nalo hivi: baada ya mabano, vipeo, ndipo mengine yafuate. Nimesahihisha madaftari yenye kosa hilihili mwaka baada ya mwaka, na wengi wa wenye madaftari hayo hawakuwa wavivu hata kidogo.

Sasa tuhesabu upya kwa mkono:

x = −2: (−2)² − 2(−2) − 3 = 4 + 4 − 3 = 5
x = −1: (−1)² − 2(−1) − 3 = 1 + 2 − 3 = 0

Jedwali lako sasa ni 5, 0, −3, −4, −3, 0, 5. Lisome kutoka kushoto kwenda kulia, kisha lisome kutoka kulia kurudi kushoto. Ni lilelile. Hapo ndipo jibu la swali lako la pili lilipo. Grafu ya kipeo cha pili ina mstari wa ulinganifu katikati, na ukiikunja karatasi kwenye mstari huo upande mmoja unalala juu ya mwenzake. Wewe ni fundi, unajua kukunja kitambaa mara mbili ukakata mbele ya gauni mara moja, kushoto na kulia vikatoka sawa. Mstari wa mkunjo hapa ni x = −b ÷ 2a, yaani 2 ÷ 2 = 1. Utaona pia kwamba 1 ipo katikati kabisa ya −1 na 3, yale majibu yako mawili. Jedwali lolote lisilosomeka sawa pande zote mbili za mkunjo, usipoteze karatasi ya grafu kwa ajili yake. Rudi uhesabu.

Njia ya pili ya kulikamata kosa ni hatua. Anzia kwenye sehemu ya kugeukia, (1, −4). Nenda kulia kizio kimoja: y imepanda 1, kutoka −4 mpaka −3. Kizio kingine: imepanda 3, mpaka 0. Kingine: imepanda 5. Moja, tatu, tano, na ukiendelea ni saba, tisa. Kizigeu cha x², yaani namba inayoizidisha x², kikiwa 1, hatua ni hizo siku zote, kulia na kushoto. Kikiwa 2 zidisha mara mbili: 2, 6, 10. Kikiwa −1, hatua ni zilezile lakini unashuka, na bonde linageuka kuwa kilima. Rudi kwenye jedwali lako la kwanza uhesabu hatua za kushoto: ulipanda 1, ukapanda 1 tena, kisha ukashuka 1. Hatua za namna hiyo haziwezi kutoka kwenye mlinganyo huu.

Mambo mawili ya mkono. Usiunganishe nukta kwa rula, na pale chini usitengeneze ncha kama herufi V, maana pana mzunguko laini kama kitako cha bakuli. Na wakati wa kuchora, geuza karatasi mpaka kiganja chako kiwe upande wa ndani wa bakuli hilo. Kifundo cha mkono kinazunguka chenyewe na mstari hautetemeki. Tumia penseli iliyochongwa.

Halafu hiyo simu iweke mbali wakati wa mazoezi. Mtihani wa Hisabati wa kidato cha nne unaojiandaa nao hauruhusu kikokotoo. Bora makosa ya alama uyamalize sasa hapo mezani kwako.

---

CherehaniTanga — Jumatatu, saa 5:20 usiku

Shikamoo mwalimu. Asante mno, Mungu akuzidishie. Na wewe mwanangu wa Dodoma, marahaba, asante.

Nimechora upya. Nilianza na mkunjo kwenye 1, nikashuka mpaka −4, nikahesabu moja, tatu, tano kulia, moja, tatu, tano kushoto, na sikugusa simu. Imetoka bakuli. Imekata kwenye −1 na kwenye 3, palepale vigawo viliposema. Nimeikunja karatasi kwenye dirisha linalopata mwanga wa taa ya barabarani nikaona mistari miwili imelaliana. Nimekaa naiangalia muda mrefu, sioni aibu kuwaambia.

Halafu nikaona kitu ambacho kitabu hakikuuliza. Nikichora mstari wa kulala kwenye y = 5, unakata grafu kwenye −2 na kwenye 4. Kwa hiyo x² − 2x − 3 = 5 nayo nimeshaitatua bila kuhesabu chochote. Ni sahihi?

Sasa nimefika ukurasa unaofuata, kukamilisha mraba. Swali ni x² + 6x − 7 = 0. Kitabu kinasema: peleka 7 upande wa pili, chukua nusu ya 6, iweke kwenye kipeo cha pili, ongeza pande zote mbili. Nikifuata napata (x + 3)² = 16 na x = 1 au −7. Jibu linatoka, lakini sijui kwa nini nusu, na huo mraba unaokamilishwa uko wapi. Sitaki kukariri tena. Nilikariri mwaka ule nikafeli.

---

MwalimuMstaafu_Iringa — Jumanne, saa 12:10 asubuhi

Marahaba binti yangu. Kuhusu y = 5 ni sahihi kabisa, na umeliona mwenyewe. Kutatua mlinganyo ni kuuliza grafu "wewe y yako inafika hapa kwenye x ipi?" Sifuri ni kimo kimojawapo tu kati ya vimo vingi. Suala la mraba namwachia mwingine, nina safari ya shamba.

---

UstadhiUnguja — Jumanne, saa 8:30 mchana

Assalaam alaykum. Dada wa Tanga, hilo la mraba nalipenda mno, niruhusu.

Miaka 1200 hivi iliyopita, Baghdad, wakati wa Khalifa Al-Maamun, alikuwepo mwanachuoni akiitwa Muhammad ibn Musa Al-Khwarizmi. Neno aljebra limetoka kwenye al-jabr, neno alilolitumia kwa ile kazi ya kuhamisha kilichotolewa upande mmoja ili kirudishwe upande wa pili. Kwa Kiarabu jabr ni kuunga kilichovunjika, hata mfupa. Hakuwa na x wala alama ya kipeo. Aliandika yote kwa maneno, na hesabu yake mashuhuri ilikuwa hivi: mraba na mizizi yake kumi, jumla yake 39. Kwa maandishi yetu ni x² + 10x = 39.

Aliithibitisha kwa kuchora. Chora mraba ambao upande wake ni x. Eneo lake ni x². Hizo 10x ni mstatili wenye urefu x na upana 10. Ukiubandika wote upande mmoja unapata umbo refu lisilo na faida. Basi ukate katikati kwa urefu, upate vipande viwili vya upana 5. Kimoja kibandike ubavuni mwa mraba, kingine chini yake. Nusu imetokea hapo: vipande ni viwili kwa sababu mraba unakuzwa pande mbili kwa usawa.

Ukitazama sasa, umbo linakaribia kuwa mraba mkubwa lakini kona moja ina pengo. Pengo lenyewe ni 5 kwa 5, eneo 25. Lijaze. Ulikuwa na 39, umeongeza 25, una 64. Mraba wa eneo 64 una upande wa 8. Upande huo ni x + 5. Basi x = 3.

Hiyo kona ndiyo "nusu kwenye kipeo cha pili" ya kitabu chako. Yeye Al-Khwarizmi aliishia kwenye 3, maana upande wa umbo hauwezi kuwa hasi. Sisi leo tunajua kwamba (−8) × (−8) nayo ni 64, kwa hiyo x + 5 = −8 inatupa jibu la pili, x = −13. Lijaribu: 169 − 130 = 39.

---

CherehaniTanga — Jumanne, saa 5:50 usiku

Waalaykum salaam ustadhi. Nimeifanya kwa kitambaa.

Nilichukua mabaki ya kitenge, nikakata mraba mmoja bila kuupima, upande wake nikauita x. Nikakata vipande viwili virefu kama upande wa huo mraba, upana inchi 3 kila kimoja, maana nusu ya 6 ni 3. Nikavibandika kwa pini, kimoja kulia, kimoja chini. Kona ikabaki wazi. Nikakata kiraka cha kitambaa cheupe, inchi 3 kwa 3, nikakiweka pale, kikakaa barabara. Kiraka cheupe ni 9. Vya kitenge vyote pamoja ni 7, mlinganyo umesema x² + 6x = 7. Vyote ni 16, upande 4, na x ni 4 ukitoa 3.

Miaka yote hii nimekuwa nikiweka viraka vya kwapani kwenye magauni, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba hilo nalo ni Hisabati. Binti yangu wa darasa la sita aliamka akakuta nimepanga vitambaa saa tano usiku, akauliza tunashona nini. Nimemweleza na yeye.

---

FundiGetiKisauni — Jumatano, saa 1:10 usiku

Salama wenzangu. Nawasoma toka juzi. Dadangu, mimi nachomelea mageti hapa Mombasa, na hayo mambo ya moja, tatu, tano yamenisimamisha, kwa sababu nayatumia kila wiki na sikuwa nalijua hilo.

Geti la upana wa mita 4, mteja ataka juu pawe na tao, katikati painuke sentimita 50. Zamani nilikuwa napinda paipu kwa macho. Geti moja upande wa kulia ulijaa kuliko wa kushoto, mwenye nyumba akalikataa, nikalikata upya kwa hasara yangu. Kijana wangu alikuwa kidato cha tatu wakati ule. Akaniambia, "Baba, weka sifuri katikati."

Basi twaweka x ni mita kutoka katikati ya geti, y ni kimo cha tao kwa sentimita. Katikati ni 50. Pembeni kabisa, x = 2, y ni sifuri. Fanksheni, yaani kanuni ya kupata y kutoka kwa x, ni y = 50 − 12.5x², maana 12.5 mara 4 ni 50. Halafu kila nusu mita napata kimo cha nondo:

katikati: 50
nusu mita: karibu 47
mita 1: 37.5
mita 1 na nusu: karibu 22
mita 2: 0

Nachora sakafuni kwa chaki, napiga nukta hizo, napinda paipu ifuate nukta. Nondo za kushoto nakata sawa na za kulia, mbilimbili, sipimi mara ya pili.

Jana nimekaa na vipimo vyangu nikatazama inavyoshuka. Kutoka katikati kwenda nusu mita yashuka 3.125. Hatua ya pili yashuka 9.375, ambayo ni 3.125 mara tatu. Ya tatu ni mara tano. Ya nne ni mara saba. Mwalimu, nimefanya kazi hii miaka tisa na sikuliona. Sasa nondo nazikata kwa hatua hizo moja kwa moja.

---

MwalimuMstaafu_Iringa — Jumatano, saa 3:00 usiku

Fundi, nimelichora geti lako kwenye karatasi na nitalihifadhi. Wewe ulianza na umbo ukatafuta fanksheni, na wengi darasani hatuwafikishi huko. Nilipokuwa kazini ningekualika ukaonyeshe ile sakafu yenye chaki.

---

CherehaniTanga — Ijumaa, saa 4:30 usiku

Wenzangu, nimerudi, na safari hii swali si la kitabu.

Nafuga kuku wa kienyeji nyuma ya nyumba. Nina waya wa kuku umebaki mita 24. Nataka kuzungusha banda la wazi pande tatu, upande wa nne uwe ukuta wa nyumba. Nikasema umbali kutoka ukutani ni x. Pande mbili zinachukua 2x, mbele inabaki 24 − 2x. Eneo ni x(24 − 2x), yaani 24x − 2x². Nimeona kizigeu cha x² ni −2, nikajua ni kilima, si bonde.

Kwanza nilitaka mita za mraba 80. Nikaweka 24x − 2x² = 80, nikagawa kwa 2, nikapanga: x² − 12x + 40 = 0. Vigawo vikagoma. Nikatumia ile ya kijana wa Dodoma: b² − 4ac ni 144 − 160, −16. Hakuna jibu. Nikachora grafu kuona kwa nini. Mkunjo uko x = 6, kilele ni 72. Mstari wa 80 unapita juu ya kilima, haugusi popote. Hesabu imenikataza kitu ambacho waya wangu hauwezi, na nimeokoa siku nzima ya kuchimba mashimo.

Nikashusha mpaka 64. Hapo x² − 12x + 32 = 0, (x − 4)(x − 8) = 0, x = 4 au x = 8. Yote mawili ni chanya, nikijaribu yote mawili yanatoa 64. Sasa nachaguaje?

---

MwalimuMstaafu_Iringa — Ijumaa, saa 4:45 usiku

Kazi safi kabisa binti yangu. Sina cha kusahihisha. Nakuuliza jambo moja: kwa x = 4 mbele inakuwa mita 16, kwa x = 8 mbele inakuwa mita 8. Ukuta wa nyumba yako una mita ngapi?

---

CherehaniTanga — Ijumaa, saa 5:15 usiku

Nimetoka nje na tochi ya simu na tepu yangu ya kupimia nguo. Ina sentimita 150. Nimeilaza ukutani mara saba, ikabaki sentimita 50. Mita 11, na baada ya hapo ni njia ya jirani, siwezi kuvuka.

Kwa hiyo x = 4 imetoka, mita 16 hazikai. Ya 8 inakaa. Lakini nilipokuwa nimechuchumaa pale nimewaza zaidi: hata kilele cha 72 sikifikii, kwa sababu pale x = 6 mbele inataka mita 12 na mimi nina 11. Nikirudi kwenye grafu, sehemu ninayoruhusiwa inaanzia pale 24 − 2x inapokuwa 11, yaani x = 6.5, kwenda kulia, na kulia kwa kilele mstari unashuka. Basi pazuri kuliko pote ni palepale mwanzo: 6.5 kwa 11, mita za mraba 71.5. Ni zaidi ya zile 64 nilizotaka, kwa waya uleule.

Nakata 6.5, 11, 6.5. Nimejumlisha, ni 24. Kesho kabla sijafungua cherehani naweka vigingi.